Mahali pa Kielezi katika Kiingereza

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, Kiswahili ndicho kisikikacho dukani, bombani na njiani. Lakini mtu atakapo kuomba kazi, au kumjibu mwenye nyumba, au kupeleka shauri ofisini, mara nyingi huandika kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza pamoja kuwa lugha rasmi. Hata hivyo desturi ya barua za Kiingereza haijakoma. Basi yafaa kila aandikaye aijue vema kanuni moja iwatatizayo wengi, nayo ni mahali pa kuweka kielezi.

Kielezi ni neno lielezalo tendo limetendeka lini, mara ngapi, au kwa namna gani. Mpangaji wa Kawangware husema, "Nimelipa kodi tayari." Hapo "tayari" ni kielezi, nalo "nimelipa" ni neno moja, ijapokuwa lina sehemu tatu: ni, me, lipa. Hakuna neno liwezalo kupenya katikati yake. Kiingereza sivyo kilivyo. "Have paid" ni maneno mawili: la kwanza ni kisaidizi, la pili ndilo lichukualo tendo lenyewe. Kati ya hayo mawili pana mlango, na kielezi huingia hapo: "I have already paid the rent." Mpangaji akifuata mpango wa Kiswahili bila kufikiri, huenda akaandika, "I have paid already the rent." Hilo ni kosa, kwa sababu Kiingereza hakipendi kielezi kitenge tendo na kitu kilichotendwa.

Jambo hili si geni kabisa kwa Mswahili. Katika maneno "Mpangaji alikuwa tayari amelipa," kielezi kimekaa katikati ya vitendo viwili, wala hapana aonaye ajabu.

Kanuni ya kwanza ni hii: vielezi vya wakati usio na tarehe, vya mara ngapi, na vya kukisia, kama vile "already", "just", "always", "often", "never" na "probably", huwekwa kwa kawaida baada ya kisaidizi cha kwanza. Hata visaidizi vikiwa viwili au vitatu, kanuni haibadiliki. "The tap has often been closed" maana yake ni kwamba bomba limefungwa mara nyingi. "The water will probably come tomorrow" maana yake ni kwamba yamkini maji yatakuja kesho. Palipo na "not", neno "yet" laweza kulifuata mara moja: "I have not yet received the receipt," yaani, bado sijapokea stakabadhi. Au laweza kungoja mwisho wa sentensi; lakini lisikae kati ya "received" na "the receipt".

Kanuni ya pili yahusu vielezi vya namna tendo lilivyotendwa. Hivi, visaidizi vikiwa viwili, hukaa karibu na tendo lenyewe: "The roof has been badly repaired," yaani, paa limetengenezwa vibaya.

Huenda msomaji akauliza, je, neno moja likisogea kidogo, kuna hasara gani? Mwezi wa Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Katika mambo ya namna hii watu hutaka kujua kama wakazi waliambiwa, na waliambiwaje. Sasa na atazame sentensi mbili. "The people have been clearly told" maana yake ni kwamba watu wameambiwa kwa maneno ya wazi. "The people have clearly been told" maana yake ni kwamba ni dhahiri watu wameambiwa. Kama waliambiwa kwa maneno ya kueleweka au ya fumbo, sentensi haisemi. Maneno ni yale yale, lakini mwenye kutetea nyumba yake hana budi kujua ni lipi aliloandika.

Vivyo hivyo neno "only". Kiswahili huweka "tu" nyuma ya neno lihusikalo. Kiingereza huweka "only" mbele yake. "I have paid only the May rent" maana yake ni kodi ya Mei tu. "Only I have paid the May rent" maana yake ni mimi peke yangu niliyelipa.

Wako waliofundishwa kwamba ni makosa kutenga kisaidizi na tendo. Hofu hiyo haina msingi. Mwingereza H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotolewa mwaka 1926, aliikataa, akaonyesha kwamba katikati ndipo mahali pa desturi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia barua katika bahasha au kuituma kwa simu, mwandishi na apige mstari chini ya kila kisaidizi, atazame kielezi kimekaa wapi, kisha aisome sentensi kama atakavyoisoma yule atakayeipokea.