Mtoto wa Usonji Akishakuwa Mtu Mzima

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na maelezo hayo ndiyo yaliyoufanya usonji ujulikane kitabibu. Mwaka 1971 aliandika tena, safari hii kuhusu walivyoishia wakiwa watu wazima. Makala hii ya pili haisomwi sana, nami naona ndiyo nzito zaidi. Waliofungiwa katika hospitali kubwa za serikali walidhoofika, wakapoteza hata uwezo walioingia nao. Donald, wa kwanza kuelezwa, aliwahi kulelewa na mkulima mmoja na mkewe huko Mississippi. Alikuwa na uraibu wa kupimapima vitu. Wakampa kisima achimbe, awaambie kina kimefika wapi. Akang'ang'ania kuhesabu mistari ya mahindi. Wakamwacha aihesabu huku akilima kwa plau ya farasi. Baadaye alihitimu chuo, akafanya kazi benki, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Kwangu mimi, tofauti hiyo ililetwa na watu waliowazunguka. Atakayenipinga atasema Donald alizaliwa katika familia yenye uwezo, tena alikuwa anaongea. Ni kweli, na tafiti nyingi zimethibitisha kwamba mtoto anayeongea mapema ana nafasi nzuri zaidi. Ila hilo halimalizi hesabu. Patricia Howlin na wenzake, Uingereza, waliwafuatilia watu wazima 68, wakatoa matokeo mwaka 2004: takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyehesabiwa kuwa na maisha mazuri. Huko Utah, Marekani, katika utafiti wa mwaka 2009, karibu nusu ya watu 41 walihesabiwa hivyo. Makundi hayo hayalingani, maana la Utah lilikuwa la wenye kiwango cha akili cha wastani au karibu na wastani. Hata hivyo watafiti wenyewe walitaja jamii ya waumini wa dini ya Kimormoni iliyowazunguka wengi wao na kuwapa nafasi.

Hayo "maisha mazuri" nayo yana kasoro: hupimwa kwa kazi, marafiki na kujitegemea, na anayekaa kwao hupunguziwa alama. Kwa kipimo hicho vijana wengi wa Mwanza na Mombasa wangefeli. Ubelgiji, mwaka 2006, watafiti waliwauliza wenye usonji wenyewe wanayaonaje maisha yao. Majibu hayakufuata ukali wa usonji wala kiwango cha akili. Yalifuata msaada ambao mtu aliona anaupata.