Miti ya Dawa na Homa ya Usangu

Kwa sisi wakaaji wa Rujewa homa si mgeni. Maji ya Ruaha Mkuu na vijito vyake hunywesha mashamba yetu ya mpunga, nayo hutupa chakula. Lakini katika maji yayo hayo yaliyotuama mbu wa malaria huzaliana.

Wazee wetu walipambana na homa kwa miti. Hata leo mgonjwa hufukizwa kwa majani ya mchaichai na mkaratusi, au hunyweshwa maji machungu ya mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, uitwao hivyo kwa kuwa husemwa kwamba huponya maradhi arobaini. Je, haya yote ni upuuzi? La, hatusemi hivyo.

Kwinini yenyewe yatoka katika gome la mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga nguvu yake na gome. Wadachi waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 gome lake lilitengenezwa dawa ya askari wao.

Tena huko China, bibi Tu Youyou alisoma kitabu cha kale kilichosema mmea wa jamii ya pakanga ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Akatambua kwamba kuchemsha huiharibu nguvu yake. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata dawa iitwayo artemisinini, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2006, yatokana na mmea huo.

Basi angalieni tofauti. Dawa ya kituoni imepimwa: kila kidonge kina kiasi kilicho sawa na mwenzake. Lakini majani ya mti mmoja huwa makali na ya mwingine hafifu, wala sufuria haina mizani. Dawa ikipungua, vijidudu husalia katika damu. Ikizidi, huwa sumu. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamekwisha kuwadhuru watoto wachanga.

Lililo zito kuliko yote ni degedege. Mtoto akikakamaa na macho kugeuka, wako wanaosema ni pepo, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Sivyo. Hiyo yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, nayo huua kwa muda mfupi. Saa zinazopotea katika kutafuta mizizi ndizo saa za kumponya.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, mwili wa mtoto ukiwa moto, mpelekeni kituoni siku iyo hiyo, apimwe tone la damu, maana si kila homa ni malaria. Akipewa vidonge, avimalize vyote hata akiwa amepata nafuu. Kama amekwisha kunyweshwa dawa ya miti, mwambieni tabibu pasipo haya, apate kujua la kufanya. Usiku walale chini ya chandarua. Mzee ajuaye miti tumheshimu, lakini yeye naye, aonapo degedege, na awe wa kwanza kusema, "Mchukueni upesi kwa tabibu."