Safu za zamani: Ni mali ya nani, na nani atajibu mahakamani?

TUSEME mwandishi aliyestaafu amerejea nyumbani Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, akiwa na sanduku la magazeti yenye safu alizoandika wakati wa uchaguzi wa 2002, marehemu Simeon Nyachae alipowania urais kwa tiketi ya Ford-People na Wagusii wengi wakamfuata. Zamani sanduku hilo lingeliwa na mchwa. Leo anazipiga picha kwa simu, anazitia kwenye intaneti pamoja na maoni yake kuhusu siasa za sasa, na kabla ya jua kutua zimesomwa Nyamira, Nairobi, hata Minnesota waliko Wagusii wengi.

Ni kazi yenye manufaa, kwani vijana hupata kumbukumbu wasizozipata katika vitabu vya shule. Lakini je, safu hizo ni zake?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yasema kwamba kazi ni ya aliyeitunga. Hata hivyo, ikiwa aliitunga akiwa ameajiriwa, au aliagizwa kuiandika, haki hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama pana mapatano tofauti. Kwa hivyo hata mwandishi wa kujitegemea aliyelipwa kwa kila safu asijipe uhakika kabla ya kuitafuta barua ya mkataba wake. Hakimiliki hudumu hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya Whispers, alifariki Julai 2003. Ulinzi wa safu hizo, awe nani mwenyewe, utakoma mwisho wa 2053.

Kinacholindwa ni maneno, si wazo. Mzee wetu ana uhuru wa kuijenga upya hoja yake ya 2002 kwa maneno mengine, au kunukuu sehemu ili kuihakiki, mradi ataje chanzo.

Suala la kashfa ndilo zito zaidi. Nchini Kenya, anayelalamika kuwa ameharibiwa jina ana miezi 12 ya kufungua kesi. Wengi hudhani safu ya 2002 imekwisha kuvuka hatari hiyo. Sivyo. Mnamo 1849, mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ya Mtawala wa Brunswick, aliyemtuma mtumishi wake akanunue nakala ya gazeti la 1830. Majaji walisema kumkabidhi mtumishi nakala ile kulikuwa uchapishaji mpya, na muda ukaanza kuhesabiwa upya. Waingereza wenyewe waliiacha kanuni hiyo kwa sheria waliyoipitisha 2013. Sheria yetu ya Kashfa, Sura ya 36, haina kifungu cha namna hiyo. Anayeirudisha safu hadharani anaichapisha leo, tena bila wakili wa gazeti kando yake.

Jela kwa kosa hilo imeondoka, kwani Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha kashfa ya jinai mnamo 2017. Fidia ingalipo. Marehemu hawezi kushtaki, wala warithi wake hawawezi kumfungulia kesi ya kashfa; ila katika vilima vya Gusii watoto wa marehemu ni majirani, na ujirani una mahakama yake.

Kisha kuna tarehe, jambo ambalo sisi wasanifu wa magazeti huligombania hadi tunachukiwa. Safu ya 2002 inayomlaumu "mbunge wa Kitutu Chache" ikisambazwa bila tarehe wakati wa kampeni, msomaji atamlaumu nani? Eneobunge hilo liligawanywa kuwa Kusini na Kaskazini kabla ya uchaguzi wa 2013. Jina la gazeti na siku iliyochapishwa hayana budi kuonekana juu kabisa, maneno ya asili yasiguswe, na maoni mapya yakae mbali nayo. Ikiwa gazeti liliomba radhi baadaye, radhi hiyo iandamane na safu.

Linalosahaulika mno ni usalama wa waliotoa habari. Francis Nyaruri, aliyeliandikia gazeti la Weekly Citizen kwa jina la Mong'are Mokua, alikuwa ameandika kuhusu madai ya ufisadi miongoni mwa polisi. Alitoweka Januari 2009, na mwili wake ukapatikana takriban wiki mbili baadaye katika msitu wa Kodera. Mwandishi anayezirudisha safu zake huvutwa na hamu ya kusimulia jinsi alivyozipata habari zile, na nani alimnong'onezea. Huenda aliyemnong'onezea 2002 bado anauza ndizi katika soko la Mosocho, na hajaulizwa kama angependa kutajwa.