Maana na Asili ya "Makala ya Mfululizo"

Habari za kweli zilizopangwa kwa picha na kuonyeshwa katika televisheni sehemu baada ya sehemu huitwa kwa Kiswahili makala ya mfululizo. Yafaa kuyachungua maneno haya, maana huweza kudhaniwa kuwa hayatoshi.

Makala latokana na Kiarabu maqala, na shina lake ni lile lililotupa kauli: maana ya asili ni jambo lililosemwa. Kwetu latumika kwa maandishi ya gazetini, na halikadhalika kwa vipindi vya redio na filamu. Kwa kuwa laanza na ma-, wengine husema "makala haya", wengine "makala hii". Silabi hiyo ni ya Kiarabu, wala hapana "kala" moja.

Mfululizo latokana na kitenzi fululiza, yaani kuendelea pasipo kukoma. Mtu aweza kuuliza: kipindi kionyeshwacho mara moja kwa juma chafululizaje? Lakini twasema pia "alishinda mara tatu mfululizo", ijapokuwa kati ya ushindi na ushindi umepita mwaka. Yatosha kwamba mpango haukukatika.

Kiingereza husema documentary, neno alilolitumia John Grierson kwa filamu mwaka 1926. Asili yake ni Kilatini documentum, yaani funzo au ushahidi. Je, tungesema hati? Tutazame The Africans: A Triple Heritage, yenye sehemu 9, aliyoitunga Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1986. Picha zake ni za mahali pa kweli, lakini maelezo ni kauli yake mwenyewe. Ndiyo sababu Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa shirika la serikali ya Marekani lililochangia gharama, alitaka jina la shirika hilo liondolewe. Hati hukaguliwa, kauli hujibiwa. Neno makala lamkumbusha mtazamaji kwamba yuko msemaji.

Mwisho, tusilichanganye na tamthilia, ambalo shina lake ni moja na mithali, yaani mfano. Mwenye tamthilia haulizwi kama mambo yake yalitokea. Mwenye makala hana budi kuulizwa. Anayeyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja amemwondolea mtazamaji haki ya kuuliza.