Saa ya kutia ufunguo: sekunde zinapotelea wapi?

Mtoto wa miezi 8 anayekohoa akiletwa zahanati kisiwani Ukerewe, muuguzi humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 50, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka ashuku nimonia. Kwa aliyetimiza mwaka, kiwango ni 40. Je, kama saa aliyovaa muuguzi ni ya kutia ufunguo, tena inakimbia sekunde 20 kwa siku, hesabu hiyo ni salama?

Ni salama kabisa. Gawa sekunde 20 kwa dakika 1,440 za siku nzima: kila dakika inabeba kosa la takriban sekunde 0.014. Hata saa inayokimbia dakika 5 kwa siku haikosei robo sekunde katika dakika moja. Muhimu ni mshale wa sekunde unaosomeka na mtoto aliyetulia. Kosa linauma linapojikusanya: baada ya wiki 2 saa ile ya sekunde 20 imepotoka karibu dakika 5. Ikiwa inachelewa badala ya kukimbia, abiria wa Bukoba ataikuta meli imeshang'oa nanga bandarini Mwanza.

Ukifungua mfuniko wa nyuma utaona chanzo. Gurudumu dogo linayumba kwenda na kurudi, likirudishwa na springi nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za leo hupiga mara 6 au 8 kwa sekunde. Saa ikilala kifudifudi, ekseli ya gurudumu husimama kwenye ncha moja. Ikisimama wima, ekseli hulala na msuguano huongezeka, mwendo ukabadilika. Ndiyo maana taasisi ya COSC ya Uswisi hupima kila mashine kwa siku 15, katika mikao 5 na joto la nyuzi 8, 23 na 38, ndipo iipe cheti ikiwa wastani wake hauzidi sekunde 4 nyuma au 6 mbele kwa siku. Mashine za bei ya kawaida huruhusiwa kukosea zaidi ya hapo, na si ubovu.

Joto la Mwanza halinitii wasiwasi. Charles Édouard Guillaume alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1920 kwa aloi za nikeli na chuma, na utafiti wake ndio uliowezesha springi zisizoyumbishwa sana na joto. Adui mkubwa siku hizi ni sumaku. Iweke saa juu ya spika usiku kucha, mizunguko ya springi inaweza kunatana, na asubuhi inakimbia dakika kadhaa. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, bila kufungua chochote.

Kabla ya kumwendea, ipime. Ilinganishe na simu kila siku saa mbili usiku, kwa wiki nzima, ukiitia ufunguo kila asubuhi maana springi kuu ikilegea gurudumu huyumba kidogo. Andika tofauti ya kila siku. Ikikimbia sekunde 15 leo, 14 kesho, 16 keshokutwa, mashine ni nzima: fundi atasogeza tu kijiti cha kurekebisha mwendo. Ikikimbia 10 leo na kuchelewa 40 kesho, mwambie aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya.