Kichujio cha hewa cha kuoshwa: "mafuta", "safisha" na maneno mengine yanayomponza mfasiri

Karatasi ya maelekezo inayofungwa pamoja na kichujio cha hewa cha gari huwa fupi, nayo hudhaniwa kuwa kazi nyepesi kwa mfasiri. Hata hivyo, pale kichujio kinapokuwa cha kuoshwa na kutumiwa tena, maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka kabisa ndiyo yanayoweza kumpotosha msomaji, na gharama ya upotovu huo hulipwa na injini. Makala haya yanachambua maneno hayo na kupendekeza namna ya kuyatumia.

Kitu chenyewe

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza kikamilifu kilo 1 ya petroli. Hewa hiyo hupita kwanza kwenye kichujio kinachozuia vumbi. Kichujio ambacho gari hutoka nacho kiwandani aghalabu ni cha karatasi yenye mikunjo, kikishachoka, hutupwa. Aina ya pili, iliyoenezwa na kampuni kama K&N iliyoanzishwa California, Marekani, mwaka 1969, huundwa kwa tabaka za kitambaa cha pamba zilizobanwa kati ya nyavu za waya na kulowanishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo husaidia kunasa vumbi. Kichujio kikichafuka, huoshwa, hukaushwa, hutiwa mafuta upya na kurudishwa mahali pake.

Jina la kifaa

Kitenzi "chuja" kimezaa nomino kadhaa zisizobadilishana kiholela. "Chujio" (wingi: machujio) huelekea zaidi jikoni, kama katika "chujio la chai". "Mchujo" ni tendo la kupunguza walio wengi, kama katika "mchujo wa wagombea". "Kichujio" (wingi: vichujio) ndiyo nomino inayofaa zaidi kwa kifaa cha mashine. Katika gereji nyingi, lakini, fundi husema "filta" au "ea klina". Maelekezo yanayomlenga fundi hayapotezi usanifu wake yakitaja mara moja, mwanzoni, "kichujio cha hewa, yaani ea klina", kisha yakaendelea na "kichujio".

Sifa za kifaa nazo zina mitego. "Kichujio cha asili", kwa maana ya kile kilichokuja na gari, humfanya msomaji afikirie vitu vya asili, kama dawa za mitishamba. "Kichujio cha awali" au "kichujio kilichotoka na gari kiwandani" ni wazi zaidi. "Kichujio cha utendaji wa juu" ni tafsiri sisisi: hakisemi ni utendaji wa nini. Linalodaiwa ni kwamba kifaa hupitisha hewa kwa urahisi zaidi. Basi na iandikwe "kichujio kinachopitisha hewa nyingi zaidi". Maneno hayo pia yana uaminifu, kwa kuwa katika gari la kawaida nguvu inayoongezeka huwa ndogo, na mfasiri hapaswi kuahidi zaidi ya matini chanzi.

Badilisha

Sentensi "Badilisha kichujio cha karatasi kwa cha pamba" humwacha msomaji akijiuliza kipi kinatoka na kipi kinaingia. Vitenzi viwili huondoa utata: "Ondoa kichujio cha karatasi, kisha weka cha pamba badala yake." Kosa kubwa zaidi ni kuandika "Kichujio kibadilishwe kikichafuka." Kwa kichujio cha karatasi, agizo hilo ni sahihi. Kwa kichujio cha kuoshwa, linafuta sababu yote ya kukinunua.

Safisha

"Safisha" hutaja matokeo bila kutaja njia. Kwa fundi aliyezoea vichujio vya karatasi, kusafisha ni kukikung'uta kichujio au kukipuliza kwa upepo wa kompresa. Upepo huo wenye nguvu unaweza kuharibu nyuzi za pamba. Hivyo mfasiri achague vitenzi vinavyotaja njia: "osha" kwa dawa iliyoelekezwa, "suuza" kwa maji yasiyo na kasi kutoka upande safi kuelekea upande mchafu, kisha "acha kikauke chenyewe". "Kausha" peke yake haitoshi, kwani huruhusu moto na mashine ya joto.

Mafuta

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. "Mafuta" hubeba maana nyingi: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, na vilainishi vya mitambo. Gari likitajwa, maana inayotangulia ni petroli au dizeli: "gari limeishiwa mafuta" haieleweki vinginevyo. Ukiandika "Paka kichujio mafuta", msomaji mmoja atafikiria petroli, mwingine oili ya injini, na yeyote kati yao atakuwa amelisoma neno kwa maana yake halali. Kosa si lake.

Kitenzi "paka" nacho huzidisha tatizo, kwa sababu huleta picha ya kueneza kwa mkono juu ya uso wote. Kinachotakiwa ni kiasi kidogo kinachofuata mikunjo na kuachwa kienee chenyewe. Mafuta yakipungua, vumbi hupenya. Yakizidi, huweza kuvutwa na hewa hadi kwenye kihisi kinachopima hewa inayoingia, kikatoa vipimo visivyo vya kweli.

Matini inayopendekezwa

Badala ya "Safisha kichujio, kikaushe na ukipake mafuta", iandikwe:

1. Osha kichujio kwa dawa yake, kisha kisuuze. Usikipulize kwa upepo wa kompresa.
2. Kiache kikauke chenyewe.
3. Tia mafuta maalumu ya kichujio, kidogokidogo, kufuata kila mkunjo. Usitumie petroli, dizeli wala oili ya injini.

Matini ya pili ni ndefu, na mhariri anaweza kushawishika kuifupisha. Asikubali. Katika maelekezo ya ufundi, neno pana hufaa pale tu ambapo maana zake zote ni salama. Ambapo mojawapo yaweza kudhuru, neno mahususi ndilo sahihi, hata kama linahitaji sentensi nzima.