Fedha Mbele, Bidhaa Nyuma

Siku hizi duka halihitaji mlango wala rafu. Kijana hukaa barazani na simu yake. Humo mna picha za kanzu, mabaibui na viatu, na bidhaa zenyewe bado zi Dubai au Guangzhou. Mnunuzi huchagua, hutuma fedha kwa simu, kisha hungoja. Wengi wadhani biashara hii ni mpya. La! Vyombo ndivyo vipya. Jambo lenyewe ni la kale, na sheria yetu imeliwekea mlango wake.

Lakini kabla ya kuufungua mlango huo, yanipasa nikiri kosa langu.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Shaabani, mpwa wangu mwenye duka la namna hiyo alinijia akasema, "Mjomba, waambie wazazi wa madrasa walipe mapema kanzu za Idi. Mzigo ukifika tu, nitawaletea." Nikawaambia, nao wakalipa kwa kuniamini mimi. Walilipia kanzu 23. Usiku wa kuamkia Idi zilikuwa zimefika 9.

Asubuhi yake nilimwona mtoto mmoja yatima katika safu ya sala, amevaa kanzu ya mwaka uliopita, mikono imemfika kwenye viwiko. Mama yake aliponiona alisema, "Si neno, Mwalimu." Wallahi, lau angalinitukana ningaliona nafuu.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Fedha za watu zi wapi?" Nyingine alikuwa amelipia kodi ya chumba, nyingine amewanunulia wateja wa nyuma ambao nao alikuwa amewachelewesha. Hakukusudia wizi. Kosa lake ni kwamba aliona ni chumo lake fedha ambazo kwa hakika zilikuwa ni deni. Na mimi, niliyesomesha mlango wa salam katika Matni ya Abi Shujaa kwa miaka mingi, sikumwuliza hata sharti moja!

Salam ni kununua kitu kilichosifiwa, kitakachokabidhiwa baadaye, kwa bei inayolipwa sasa. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana fedha mbele kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili. Hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas. Na Hakim bin Hizam alipouliza juu ya kuuza asichokuwa nacho, alikatazwa. Wanachuoni wameyalinganisha mawili haya: huwezi kuuza kitu hasa kilicho mikononi mwa mwingine, lakini waweza kujifunga kwa deni la kitu chenye sifa maalumu.

Basi mwenye duka la simu na ashike mambo haya.

Kwanza, aeleze sifa za bidhaa. Picha peke yake haitoshi. Aseme kitambaa ni cha namna gani, urefu ni inchi ngapi, rangi gani, na imeshonwa wapi.

Pili, ataje siku. "Mzigo ukifika" si muda. Katika madhehebu yetu ya Kishafii haisihi kuweka muda usiojulikana, kama kusema "mahujaji watakaporejea". Mzigo wa baharini hucheleweshwa na meli, bandari na forodha. Basi ayahesabu hayo yote, aongeze siku za tahadhari, ndipo ataje tarehe. Afadhali kuahidi mbali ukafika mapema.

Tatu, ajue namna anavyopokea fedha. Salam kwetu yataka bei yote ikabidhiwe papo hapo penye mapatano. Arubuni ya nusu haitoshi. Asiyetaka kuchukua bei yote na aandike majina tu, asipokee kitu mpaka mzigo uwe mkononi, ndipo auze. Kwa vitu vya kutengenezwa, kama kabati au nguo ya kushonewa, Mahanafi wana mlango wa istisnaa, ambao huruhusu bei kulipwa kwa mafungu. Asichanganye milango hii bila ya kuuliza wenye elimu.

Nne, asipokee maagizo kuliko awezavyo kuyatimiza, na fedha hizo asizile. Azitenge zinunue bidhaa ile ile. Faida yake itajulikana atakapokwisha kukabidhi.

Tano, ukitokea uchelewaji, yeye ndiye aanze kusema, asingoje kuulizwa. Siku ikifika na bidhaa haikupatikana, hiari ni ya mnunuzi: akitaka atangoja, akitaka atarejeshewa fedha zake zote. Kumlazimisha achukue kitu kingine ni dhuluma.

Sita, yote yaandikwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, imekuja kutuamuru kuandika deni la muda. Na Ibn Abbas ameiona salam kuwa imo ndani yake. Ujumbe wa simu ni maandishi, usifutwe.

Nanyi wanunuzi, msione haya kuuliza, hata muuzaji akiwa ni jamaa au rafiki. Haya yangu ya kumwuliza mpwa wangu ndiyo iliyomvisha yatima yule kanzu fupi siku ya Idi.

Mpwa wangu aliuza pikipiki yake, akawarejeshea wote. Ramadhani iliyofuata alikuja tena kwangu, safari hii na daftari: jina, kipimo, bei, tarehe. Tulilisoma pamoja, mstari kwa mstari. Kanzu zilifika siku 8 kabla ya Idi, na ya kwanza tuliipeleka kwa mama yule.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza mapatano yetu. Wabillahi taufiq.